Pesa ya utafiti ni ya nini? Ufafanuzi kwa anayeombwa kushiriki

Kiangazi kikishika na barabara za Kakonko na Buhigwe zikapitika bila tope, watafiti nao huanza kuonekana Kigoma. Ni miezi ya likizo ya vyuo vikuu, ndiyo maana hufuatana. Wanafika na vishikwambi, fulana za mradi na barua yenye mihuri kadhaa, wanapiga hodi kwa mtendaji, na siku mbili baadaye mtu anaitwa kwenye darasa tupu la shule ya msingi kujibu maswali: anawekaje akiba, anawaleaje watoto, kitu gani humfanya aende zahanati au abaki nyumbani. Akitoka anapewa shilingi elfu tano, elfu kumi, vocha ya simu, au mche wa sabuni na kilo ya sukari. Mjadala wa mtaa unaanzia hapo. Ile pesa ni ya nini?

Majibu ninayoyasikia huku kwetu ni matatu. Wapo wanaosema ni msaada, kwa hiyo aliyekosa ameonewa. Wapo wanaosema ni kibarua, kwa hiyo aliyelipwa anatakiwa ajibu vile mtafiti anavyopenda. Na wapo wanaosema ni hongo ya kununulia siri za watu, au jambo baya zaidi ya hilo. Yote matatu si sahihi, na kila moja huleta madhara yake. Nataka kueleza pesa hiyo hasa ni nini, kwa sababu mtu akishaielewa, sehemu kubwa ya haki zake kama mshiriki anaweza kuzitambua mwenyewe bila kusomewa.

Utafiti wenyewe

Utafiti wa tabia hauchunguzi ugonjwa mwilini mwako. Unachunguza unavyoamua, unavyokumbuka, unavyowaamini wengine, unavyoupokea ujumbe fulani. Mara nyingi ni dodoso refu tu. Mara nyingine ni majadiliano ya watu wanane au kumi chini ya mwembe. Na mara nyingine ni jaribio: watu, au vijiji vizima, hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likapata kitu, kama mafunzo ya malezi au ujumbe wa simu, na jingine lisipate, au lipate baadaye, kisha makundi hayo yakalinganishwa.

Hapo kwenye bahati nasibu ndipo manung'uniko mengi yanapozaliwa. Nchi hii ina mfano unaojulikana duniani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio wenye mafunzo ya uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Wasikilizaji wa eneo la Dodoma hawakurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha mwenendo wa watu waliousikia na wa watu ambao hawajausikia. Hakuna aliyeichukia Dodoma. Bila kundi la kulinganisha, watu wakianza kwenda kliniki kwa wingi huwezi kujua kama ni kwa sababu ya mchezo, au ya zahanati mpya, au ya jambo jingine kabisa. Kwa hiyo kijiji chako kikiachwa na cha jirani kikachukuliwa, usiharakishe kusema mwenyekiti amekula. Lakini una haki ya kuuliza kura ilipigwaje, nani alikuwepo, na kama kundi lililosubiri litapata zamu yake.

Kwa nini waje kwetu? Sababu moja ni ya haki kabisa. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alichambua majarida makubwa ya saikolojia na kuona kwamba asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka katika nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, ambazo zina asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Sehemu kubwa yao ni wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Maana yake ni kwamba vitabu vinaposema "binadamu huamua hivi", mara nyingi anayezungumziwa ni kijana wa miaka ishirini katika chuo fulani huko, wala si mama muuza mawese wa Mwanga au mvuvi wa Katonga, hapa Kigoma. Mimi naona ni vizuri tuhesabiwe. Ila tuhesabiwe tukijua tunachofanya.

Fidia ya muda na usumbufu

Pesa ya kawaida ya utafiti ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kurudishiwa gharama: nauli ya daladala au bodaboda, chakula kama umekaa hadi mchana. Ya pili ni fidia ya muda na usumbufu, kwa kuwa umefunga kibanda au umeacha jembe shambani. Miongozo ya kimataifa ya maadili ya utafiti iliyotolewa mwaka 2016 na baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi ya tiba liitwalo CIOMS kwa kushirikiana na Shirika la Afya Duniani inasema hivyo hivyo: mshiriki arudishiwe gharama zake na afidiwe muda wake kwa kiasi kinachofaa, bali kisiwe kikubwa hadi kumsukuma akubali jambo ambalo akili yake ingelikataa.

Sasa angalia kinachofuata. Kama ni fidia ya muda, basi haitegemei umejibu nini. Aliyesema anampiga mtoto na aliyesema hampigi wanastahili sawa. Kama ni fidia ya muda, unaweza kuruka swali usilolitaka na pesa yako haiguswi. Unaweza pia kuinuka katikati ukaondoka, na nauli uliyotumia pamoja na muda uliokwisha kuutoa vinabaki kuwa vyako. Mtafiti anayesema "usipomaliza hupati kitu" ameigeuza fidia kuwa kamba ya kukufungia kitini. Hili linatakiwa liandikwe kwenye fomu ya ridhaa, usomewe kabla ya swali la kwanza, kwa lugha unayoielewa. Kama bibi anaelewa Kiha kuliko Kiswahili, asomewe kwa Kiha. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa mradi. Mtoto wa chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe naye aulizwe. Akikataa, mzazi kukubali hakutoshi. Nakala moja ya fomu ni yako, nenda nayo nyumbani.

Anayeiona pesa hiyo kama msaada hufanya nini? Huficha mbuzi. Akiulizwa anakula mara ngapi kwa siku, anasema mara moja, kwa sababu anadhani wanaandikisha kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Hofu hiyo inaeleweka: maswali ya utafiti kuhusu bati, choo na idadi ya kuku yanafanana sana na yale ya watu wa TASAF, na mdodosaji mvivu huwaacha watu waamini hivyo ili wampe ushirikiano. Anayeiona kama kibarua naye husema "ndiyo" kila mahali, kwa adabu, ili bosi aridhike. Takwimu za namna hiyo zikifika mezani kwa wanaopanga huduma, zinaonyesha kijiji ambacho hakipo, na anayeumia ni yule yule aliyejibu. Mtafiti anayejali huanza kwa kusema wazi: majibu yako hayatakuingiza wala kukutoa kwenye orodha yoyote. Asiposema, muulize.

Pale ambapo pesa ni kipimo

Yapo majaribio ambayo pesa haimo humo kama fidia tu. Ni chombo cha kupimia. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa zaidi, na ndipo nataka tukae kidogo.

Chukua mchezo unaoweza kuitwa "chukua au acha". Watu wawili wasiojuana, mama wa Gungu na kijana wa Ujiji, wanawekwa vyumba tofauti. Mama anaambiwa ana shilingi 10,000 za kugawana na mtu asiyemwona. Aseme yeye anampa ngapi. Kijana akikubali, kila mmoja anachukua sehemu yake. Akikataa, wote wawili hawapati hata senti. Ukifuata hesabu kavu, kijana angetakiwa akubali hata shilingi 500, kwa kuwa ni bora kuliko sifuri. Lakini watu hawaishi hivyo. Tangu Werner Güth na wenzake walipoufanyia mchezo huu majaribio Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 1982, imeonekana mara nyingi kwamba katika nchi za viwanda watu hutoa kati ya asilimia 40 na 50, na wanaopewa kidogo sana hukataa, wakiwa tayari kupoteza kuliko kudharauliwa.

Kisha timu ya Joseph Henrich ikaupeleka mchezo huo kwa jamii ndogo 15 katika nchi 12, ikachapisha matokeo mwaka 2001. Wahadzabe wa Tanzania walikuwemo, na Wasangu pia. Matokeo yalitawanyika kuliko ilivyowahi kuonekana: Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26 na karibu hakuna aliyekataa; wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, ambao hawawezi kuvua bila kushirikiana, walitoa zaidi ya nusu. Ilibainika kwamba namna watu wanavyotafuta riziki pamoja, na kiasi wanachouziana na kununuliana sokoni, vina uzito mkubwa katika wanavyogawana na mgeni. Mimi ningependa kuona wavuvi wa dagaa wa Kibirizi wakiucheza. Mtu anayegawana mapato ya usiku kati ya mwenye chombo, mwenye taa na wenye kuvuta wavu ana mengi ya kuwafundisha maprofesa.

Kwa nini pesa iwe ya kweli? Kwa sababu kwa maneno kila mtu ni mkarimu. Ukimuuliza mtu angetoa ngapi, atasema nusu, labda na zaidi. Mpe noti mkononi, ndipo utajua. Watafiti Uri Gneezy, Kenneth Leonard na John List walipotaka kujua kama wanawake huogopa ushindani kuliko wanaume, hawakuuliza kwa dodoso. Waliwapa Wamasai wa Tanzania mipira ya tenisi wairushe kwenye ndoo, kila mtu mara kumi, akichagua mwenyewe: alipwe kwa kila mpira ulioingia, au ashindane na mtu asiyemjua, alipwe mara tatu akishinda na asipate kitu akishindwa. Wanaume wa Kimasai walichagua kushindana karibu mara mbili ya wanawake. Kwa Wakhasi wa India, ambako ukoo hufuata upande wa mama, wanawake ndio waliochagua kushindana zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009.

Katika majaribio ya namna hii, wewe unaweza kutoka na 3,000 na jirani yako akatoka na 9,000, na hakuna aliyependelewa. Kiasi kilitokana na maamuzi yenu na ya wenzenu. Mara nyingi pia hucheza michezo kumi, kisha unachomoa karatasi moja mfukoni na mchezo huo mmoja ndio unaolipwa. Lengo ni kwamba kila uamuzi uuchukulie kwa uzito. Unachopaswa kudai ni mambo ambayo mtafiti mwaminifu hatayakataa: kanuni zielezwe zote kabla hamjaanza, kura ichomolewe mbele yako, na kuwe na kiasi cha kuhudhuria ambacho unapata hata ukipoteza kila kitu mchezoni. Bila kiasi hicho, umeacha shughuli zako ukaja kucheza kamari.

Ipo pia pesa ya tatu, ambayo yenyewe ndiyo dawa inayojaribiwa. Kuanzia mwaka 2009, huko Kilombero na Ulanga, vijana 2,399 wenye umri wa miaka 18 hadi 30 kutoka vijiji 10 waliingia katika utafiti wa kuona kama pesa inaweza kuwasaidia watu kubadili tabia za ngono. Walipimwa kila baada ya miezi minne. Kila mtu wa kundi moja aliahidiwa takriban dola 10 kila alipoonekana hana maambukizi ya magonjwa ya zinaa yanayotibika, wa kundi jingine dola 20, na kundi la tatu halikuahidiwa malipo hayo. Waliokutwa na ugonjwa walitibiwa bure na wakaruhusiwa kuendelea. Baada ya mwaka mmoja maambukizi yalipungua katika kundi la dola 20; katika lile la dola 10 haikuonekana tofauti ya maana. Katika utafiti wa aina hii, malipo yanategemea matokeo kwa makusudi kabisa. Ni halali, mradi umeambiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mdodosaji si "mnatoa ngapi" peke yake. Muulize: kiasi hiki kinategemea nini? Jibu lake litakuonyesha uko katika utafiti wa namna gani.

Kubwa mno, ndogo mno

Kamati za maadili hupambana na swali hili na hazijalimaliza. Elfu kumi si elfu kumi kwa kila mtu, wala kwa kila mwezi. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Mtafiti aliyefika Katonga katika miezi hiyo na kutoa elfu kumi alikuwa anatoa kitu kizito kuliko yule aliyetoa kiasi hicho hicho dagaa wakiwa wanaanikwa kila asubuhi. Kwa mwenye njaa, "una hiari ya kukataa" ni maneno matupu. Hata nje ya msimu wa kufunga, mtafiti asiyejua kwamba wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikijaa atawaita mchana waliotakiwa kulala, halafu aseme watu wa ziwani hawana ushirikiano.

Nyarugusu ni mfano mzito zaidi. Kambi hiyo ya wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996, na mkimbizi haruhusiwi kutoka wala kufanya kazi kwa uhuru. Fidia ndogo kwake ni pesa taslimu ambayo hana njia nyingine rahisi ya kuipata. Tena wengi huamini kwamba kila mgeni mwenye karatasi anaweza kuwasogeza kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtafiti asipoliondoa wazo hilo kwa maneno ya wazi, ridhaa aliyoipata si ridhaa.

Pamoja na hayo, nasema bila kusita kwamba kosa la kulipa kidogo mno linasemwa mara chache kuliko inavyostahili. Kwa kisingizio cha "tusiwashawishi maskini", mtu anakalishwa saa tatu na kupewa sabuni, huku mradi ukilipia hoteli na mafuta ya gari. Mama aliyefunga meza yake sokoni Mwanga amepoteza nusu siku ya mauzo. Kiwango cha haki kianzie kwenye kile ambacho kibarua wa eneo hilo angelipwa kwa saa hizo, nauli ikiwa pembeni.

Hofu zina historia

Watu wanapokimbia gari la utafiti wakisema ni mumiani, wageni hucheka. Wasicheke. Huko Tinde, mkoani Shinyanga, unapotoka Nzega, madaktari wa serikali ya kikoloni kuanzia miaka ya 1930 walitunza vimelea vya malale kwa miaka 18, wakivipitisha kati ya mbung'o na wanyama, na wakavijaribu pia kwa watu waliohesabiwa kuwa wamejitolea ili kuona kama bado vinamwambukiza binadamu. Katika miaka hiyo ya 1930 watu wa Buha, nchi ya Waha huku kwetu, waliondolewa vijijini mwao wakakusanywa katika makazi mapya kwa ajili ya kudhibiti ugonjwa huo huo. Mwafrika aliyeombwa "kujitolea" mbele ya bwana shauri alikuwa na nafasi gani ya kukataa? Babu zetu walikuwa na sababu za kuwashuku wenye sindano na madaftari. Utafiti wa tabia hauhitaji damu yako kwa kawaida. Ukiona sindano imetolewa, jua ni utafiti wa aina nyingine au umechanganywa, na ridhaa yake iwe ya peke yake.

Kufichwa lengo

Je, mtafiti anaweza kukudanganya? Mwaka 1961 Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alitangaza gazetini kwamba anatafuta wanaume wa kushiriki utafiti wa kumbukumbu, malipo dola 4 kwa saa moja na senti 50 za nauli. Haukuwa wa kumbukumbu. Waliofika waliagizwa kumpiga mtu shoti za umeme kila alipokosea, na hawakujua kwamba umeme ni wa uongo na anayelia ni mwigizaji. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho wa mashine, volti 450. Waliambiwa mapema kwamba pesa ni yao kwa kufika tu, lolote litakalotokea. Hata hivyo wengi walijiona hawawezi kuondoka. Ndiyo maana sasa haitoshi kuandika haki ya kuondoka kwenye karatasi; mdodosaji anatakiwa aiseme, na akiona mtu anatokwa jasho, airudie.

Siku hizi kwa wachumi wanaofanya majaribio, kudanganya ni mwiko kabisa, kwa hoja kwamba mshiriki aliyedanganywa leo hataamini kanuni za kesho. Wanasaikolojia wanaruhusu kuficha lengo pale ambapo kulisema kungeharibu jibu, kwa masharti: kamati ya maadili iwe imekubali, hatari isiwepo, na mwishoni mshiriki aelezwe ukweli wote na aulizwe kama bado anaruhusu majibu yake yatumike.

Simu, jina na siri

Fidia nyingi sasa hutumwa kwa simu. Ni salama kuliko kutembea na bahasha, lakini laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na muamala huonyesha jina kamili. Dodoso linalosemwa "halina jina" linapata jina siku ya malipo. Dawa yake ni orodha ya malipo kutunzwa mbali na majibu, na wewe una haki ya kuuliza kama ndivyo ilivyo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya taarifa zako anatakiwa akueleze anazikusanya kwa lengo gani, na malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwa wanawake wanaohojiwa kuhusu ukatili wa nyumbani, ujumbe mmoja wa muamala unaweza kuwaletea kipigo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001 unataka utafiti wa namna hiyo upewe jina lisiloibua maswali, kama vile "afya ya familia", na mwanamke mmoja tu ahojiwe katika kila kaya. Kama mume ndiye anayeshika simu, omba fidia mkononi.

Vibali, na wanaojifanya

Utafiti wa afya, pamoja na wa tabia zinazohusu afya, hupitia kamati ya maadili ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kituo pia Tabora mjini. Hati zake huanza na herufi NIMR/HQ/R.8a. Watafiti kutoka nje huhitaji pia kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mwanafunzi wa chuo cha hapa nchini, hata wa chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA pale Tabora, huja na barua ya chuo. Kisha barua hushuka: Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata, kijiji au mtaa. Lakini shika hili: mhuri wa mtendaji unamruhusu mtafiti kuingia kijijini. Haumruhusu kuingia kwako. Mtendaji akisema "mkatae muone", ameishavuruga utafiti mzima.

Matapeli wanafahamika kwa alama moja: wanadai pesa. Ada ya usajili, ya fomu, ya "kufungua akaunti ya mshiriki". Ni ndugu wa wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii". Utafiti wa kweli haumchaji mshiriki hata shilingi, wala hauhitaji namba yako ya siri. Kuhusu tovuti za kimataifa zinazolipa kwa kujibu dodoso, jukwaa la Prolific, lililoanzia Oxford mwaka 2014, huwapokea wakazi wa nchi ilizoziorodhesha tu, nyingi zikiwa tajiri. Kijana anayeuziwa "akaunti ya Uingereza" Kigoma mjini ananunua kitu kinachoweza kufungwa wakati wowote, pesa ikiwa ndani, na majibu yake yanaingia kwenye takwimu kama ya Mwingereza.

Matokeo yarudi wapi

Deni la mwisho la mtafiti mara nyingi halilipwi: kurudi na kusema alichokiona. Katika fomu ya ridhaa huwa kuna mstari kuhusu hilo, na namba ya simu ya mtafiti mkuu pamoja na ya kamati ya maadili. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inapoleta kampasi yake Kigoma, maswali yataongezeka na madodoso yatafuatana. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, na mwananchi anaweza kumwomba mtendaji aingize mrejesho wa utafiti kwenye ajenda, kwa barua, jina la mradi na namba ya kibali vikiwa vimenakiliwa kutoka kwenye ile nakala ya fomu. Mtafiti akishindwa kusafiri, ukurasa mmoja wa Kiswahili ubandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.